Kutabiri Siku za Moshi Bonde la Salt Lake: Mwongozo kwa Mtu wa Kawaida

Majira yangu ya kwanza ya baridi hapa Utah, kila alfajiri nilipanda gari la wafanyakazi wa hoteli kutoka upande wa magharibi wa Salt Lake City kwenda Park City, mji wa milimani. Bondeni tuliondoka tumejikunyata, taa za barabarani zikionekana kama zimefunikwa kwa kitambaa kichafu. Gari lilipanda korongo la Parleys, na mahali fulani kwenye mteremko tukatoboa ule moshi na kutokea juu yake. Huko juu anga ilikuwa ya bluu na jua linawaka juu ya theluji. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba kulikuwa na joto kuliko kule chini tulikotoka. Nilipogeuka nyuma niliona bonde limejaa kitu cha rangi ya kahawia, kama maji machafu yaliyotuama kwenye beseni. Mke wangu na watoto walikuwa ndani ya beseni lile.

Mwanangu wa pili ana pumu. Ilinichukua majira mawili ya baridi kuelewa kwamba siku mbaya haziji kwa kushtukiza. Zinaonekana zikija siku tatu au nne kabla, na mtu asiyesomea hali ya hewa anaweza kuziona kwa simu, daftari na hesabu ya kujumlisha. Nawaandikia ndugu zetu wa Kongo, Burundi, Tanzania, Kenya na kwingineko mnaoishi bonde hili, hasa wenye watoto, wazee au mgonjwa wa kifua nyumbani. Aliye Logan au Provo, kwenye mabonde jirani, atatumia njia hii hii, akibadilisha namba za mwinuko tu.

Kwanza, kinachotokea ni nini

Kwa kawaida unapopanda mlima unakutana na baridi. Hewa ya chini hupashwa na ardhi, inakuwa nyepesi, inapanda na kuchanganyika na ya juu, na moshi wa magari na majiko unapanda nayo na kutawanyika. Katika inversheni, kama watu wa hapa wanavyoiita, mambo yanageuka: hewa baridi na nzito inalala chini, na ya joto inakaa juu yake kama mfuniko juu ya sufuria. Hewa nzito haiwezi kupanda kupita nyepesi. Kila kinachotoka kwenye ekzosi na bomba la moshi kinabaki ndani ya sufuria.

Aliyekulia Kabale, Mbeya au milima ya Lushoto ameshaliona hili kwa umbo dogo: asubuhi ya kiangazi chenye baridi, ukungu na moshi wa majikoni vimelala bondeni wakati wewe uko juu ya kilima kwenye jua. Kwetu saa nne asubuhi jua limeshavunja kila kitu. Hapa tuko takribani digrii 41 kaskazini ya Ikweta. Mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri linafika digrii 26 tu juu ya upeo wa macho, na mchana una saa tisa na dakika kama kumi na tano. Ardhi ikiwa na theluji, sehemu kubwa ya mwanga huo mdogo inarudishwa juu. Ndiyo maana mfuniko ambao kwetu ungeondoka kabla ya chai ya saa nne, hapa unaweza kukaa juma zima au zaidi.

Uchafu wenyewe si masizi tu. Sehemu kubwa ya chembechembe laini zinazotusumbua, zile za PM2.5 ambazo ni ndogo kuliko maikromita mbili na nusu, hazitoki bombani zikiwa chembe. Zinazaliwa hewani: oksidi za nitrojeni kutoka kwenye magari na mitambo hubadilika kuwa asidi ya nitriki, na asidi hiyo hukutana na amonia, ambayo kwa kiasi kikubwa inatoka kwenye mifugo na mashamba. Vinaungana kuwa chembe za nitrati ya amonia. Katika majira ya baridi ya 2017 watafiti walirusha ndege ndogo yenye vipimo juu ya mabonde ya Salt Lake, Utah na Cache ili kuifuatilia kemia hii. Kwa anayetabiri, maana yake ni moja: uchafu unahitaji muda kupikwa. Siku ya kwanza ya inversheni hewa bado ni nzuri, na hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika.

Hatua ya 1: Lijue beseni lako

Chukua ramani yoyote ya simu inayoonyesha miinuko. Mashariki kuna safu ya Wasatch, yenye vilele vinavyozidi mita 3,400. Magharibi ni milima ya Oquirrh, kusini kuna vilima vya Traverse, na kaskazini magharibi kuna Ziwa Kuu la Chumvi. Uwanja wa ndege, ambao ndio sakafu ya bonde, uko mita 1,288 juu ya usawa wa bahari. Andika pia sehemu mbili za juu: kilele cha barabara kwenye Parleys, kama mita 2,170, na Alta, kama mita 2,600. Namba hizi tatu utazitumia kila siku.

Usitumie Park City yenyewe kama sehemu ya juu. Mji ule nao umekaa kwenye kibonde chake, na usiku unakusanya baridi yake yenyewe. Nilifanya kosa hilo majira mazima ya baridi: naona Park City iko nyuzi hasi kumi alfajiri, najiambia juu kuna baridi, hakuna mfuniko, kumbe naangalia beseni dogo lililo juu ya beseni kubwa. Tumia njia ya mlimani au mteremko, mahali ambapo hewa baridi inateleza kwenda zake.

Kisha tafuta nyumba yako iko mwinuko gani. Glendale, Rose Park, West Valley na South Salt Lake, ambako wengi wetu tumepangishwa, ni sehemu za chini. Mitaa ya mashariki iliyopanda kwenye vitako vya mlima inakuwa juu ya uchafu siku mbili tatu za mwanzo, kisha tabaka linanenepa na kuwafikia nao. Midomo ya makorongo hupata upepo mwembamba wa usiku unaoteremka na hewa safi kidogo. Mwenzako anayeishi karibu na korongo anaweza kukuapia kwamba hewa ni nzuri, na asiwe anasema uongo.

Hatua ya 2: Je, mfuniko unakuja?

Kila jioni kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Februari, fungua tovuti ya Huduma ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani, ofisi ya Salt Lake City. Angalia vitu vinne.

Mgandamizo mkubwa wa hewa. Ramani ya anga ya kati, kwenye usawa wa hektopaskali 500 (hektopaskali ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), ikionyesha mistari inapinda kuelekea kaskazini juu ya Utah kama mgongo wa ng'ombe, hewa inashuka polepole, inabanwa, inapata joto. Mfuniko unatengenezwa huko. Kama hujui kusoma ramani hiyo, soma maelezo marefu ya watabiri ambayo ofisi hiyo huchapisha kila siku. Ni Kiingereza kigumu kidogo, lakini maneno yanajirudia, na baada ya wiki mbili utayazoea.

Theluji ardhini. Hiki kwangu kinazidi vyote vinavyoweza kuonekana kwa macho. Mgongo uleule wa mgandamizo ukija juu ya ardhi kavu unatoa inversheni hafifu ambayo mchana inalegea. Ukija siku moja baada ya theluji kufunika bonde lote, jiandae.

Anga tupu usiku. Bila mawingu, joto la ardhi linapotea angani na sakafu inapoa haraka.

Upepo. Bondeni utulivu, na juu ya vilele upepo usiozidi ule wa kupeperusha bendera kidogo.

Ukiwa na vyote vinne, usijiulize tena kama mfuniko utakuja. Kilichobaki ni kujua nguvu yake na muda wake.

Hatua ya 3: Pima nguvu ya mfuniko

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hewa kavu ikipandishwa inapoa kwa nyuzi 9.8 za Selisiasi kwa kila kilomita moja, na ikishushwa inapata joto kwa kiasi hichohicho. Hiyo ni sheria ya fizikia, haibadiliki. Basi ukitaka kulinganisha hewa ya Parleys na ya uwanja wa ndege kwa haki, lazima kwanza uishushe ya Parleys kwa mawazo mpaka sakafuni. Tofauti ya mwinuko ni kama mita 880, hivyo unajumlisha nyuzi 8.6. Kwa wenye simu za Fahrenheit, jumlisha 15.6. Kutoka Alta, jumlisha takribani nyuzi 13 za Selisiasi au 23 za Fahrenheit.

Jibu unalopata ni joto ambalo sakafu ya bonde inapaswa kufikia ili hewa ya chini iweze kupanda mpaka mwinuko huo. Mfano: Parleys ni nyuzi hasi 2. Jumlisha 8.6, unapata 6.6. Kama utabiri unasema uwanja wa ndege utafika nyuzi 1 tu mchana, umepungukiwa na nyuzi tano na nusu. Mfuniko hautavunjika leo, na mtu akikuambia "jua litakapotoka patakuwa sawa" unajua hapatakuwa sawa.

Pengo hilo liandike kila siku. Mimi huita deni la bonde. Deni likiwa nyuzi moja au mbili, mchana wenye jua unaweza kulilipa. Likifika nyuzi tano au sita, jua la Januari haliliwezi. Likizidi kumi, subiri dhoruba.

Wanasayansi wa hapa wana kipimo cha undani zaidi, wanakiita upungufu wa joto wa bonde. Wanajumlisha deni la kila tabaka kutoka sakafuni mpaka mita 2,200, na wakipata zaidi ya megajuli 4.04 kwa mita ya mraba wanahesabu kwamba bonde limefungwa. Wewe huhitaji kwenda huko, ila ujue kwamba hesabu yako ya kujumlisha ni mtoto wa hesabu ile ile.

Kuna pia puto. Mara mbili kwa siku Huduma ya Hali ya Hewa hurusha puto lenye vipimo kutoka uwanja wa ndege, na matokeo yake huandikwa kwa saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na moja jioni ya hapa wakati wa baridi. Chuo Kikuu cha Wyoming huweka namba hizo wazi kwa kila mtu. Tafuta kituo cha Salt Lake City, chagua orodha ya namba badala ya mchoro, kisha soma safu ya mwinuko na safu ya joto kutoka chini kwenda juu. Mahali joto linapoanza kupanda ni kitako cha mfuniko, na mahali linapoanza kushuka tena ni kichwa chake. Kitako kikiwa mita 300 tu juu ya sakafu, uchafu wote unabanwa kwenye tabaka hilo jembamba. Kikiwa mita 800, una nafasi zaidi ya kupumua.

Usomaji wa alfajiri mara nyingi unatisha kuliko hali ilivyo, kwa sababu kila usiku wa baridi una inversheni yake ndogo chini kabisa. Ninaouamini ni wa jioni. Kama mfuniko bado upo saa kumi na moja jioni, baada ya jua lote la siku hiyo, basi ni mfuniko wa kukaa.

Hatua ya 4: Utakaa siku ngapi?

Watu wengi hutazama bonde. Wewe tazama mlima. Joto la sakafu katika kipindi cha inversheni halibadiliki sana. Leo nyuzi hasi 2, kesho hasi 1. Kinachobadilika ni joto la juu. Juu kukizidi kupata joto, mfuniko unakazwa. Juu kukianza kupoa, mtu amekamata ukingo wa mfuniko na anaunyanyua.

Tovuti ya Huduma ya Hali ya Hewa inakuruhusu kubofya mahali popote kwenye ramani na kupata utabiri wa siku saba wa mahali hapo. Bofya Alta. Andika joto la mchana la kila siku, jumlisha 13, kisha linganisha na utabiri wa uwanja wa ndege. Sasa una deni la siku saba mbele. Siku ambayo deni linaporomoka kuelekea sifuri ndiyo siku ya kuandika kwenye kalenda ya jikoni. Kwa wanaotazama ramani za modeli, yaani utabiri unaohesabiwa na kompyuta, tumia usawa wa hektopaskali 700, ambao uko kama mita 3,000: jumlisha nyuzi 17 ili kuushusha mpaka sakafuni.

Kuna namna mbili za kuvunjika, na lazima uzitofautishe. Mfereji mzito wa mgandamizo mdogo (mistari ya ramani ikipinda kuelekea kusini) ukipita juu ya Utah kaskazini, unaleta baridi kali juu, upepo wa vilele, theluji ya kweli, na bonde linafagiliwa lote ndani ya saa chache. Lakini kuna mifereji myembamba inayopita pembeni, kwa mfano inayokatiza Idaho au Wyoming. Hiyo inaguguna kichwa cha mfuniko tu. Upande wa kaskazini au vitako vya mashariki vinapata hewa safi nusu siku, wakati katikati ya bonde kunabaki vilevile, na usiku ule ule baridi inarudi kujaza pengo. Utabiri ukisema mvua au theluji ni asilimia 20 na upepo ni dhaifu, usitangaze ushindi.

Kosa jingine ni kuamini kila theluji. Ukungu na mawingu mazito ya chini yakijitengeneza ndani ya bonde baada ya siku kadhaa, yanaweza kudondosha vumbi la theluji bila mfuniko kuguswa. Theluji ya namna hiyo haisafishi hewa. Angalia joto la Alta. Kama halijashuka, hakuna kilichobadilika.

Upepo wa kusini kabla ya dhoruba unahitaji subira pia. Unaanza kuvuma juu ya bonde, unakwangua mfuniko kutoka juu kwenda chini, na wakati mwingine unausukuma uchafu kuelekea ziwani, kisha jioni unalegea na uchafu unarudi kama wimbi. Nimeona mitaa ya kaskazini ikisafika saa nane mchana na kuchafuka tena saa moja usiku.

Na modeli za kompyuta? Zitumie kwa hali ya juu, usizitumie sana kwa hali ya chini. Modeli za dunia nzima zinailainisha milima mpaka bonde letu linakuwa kama sahani, na hewa baridi haiwezi kutuama kwenye sahani. Zina tabia ya kuvunja mfuniko mapema kuliko inavyotokea. Nikiona modeli inasema hewa itachanganyika Alhamisi asubuhi, lakini joto la Alta linashuka Ijumaa, mimi huenda na Ijumaa.

Hatua ya 5: Geuza siku kuwa namba za uchafu

Kiwango cha kisheria cha Marekani kwa PM2.5 ni maikrogramu 35 kwa mita ya ujazo, wastani wa saa 24. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linapendekeza isizidi 15. Kwenye rangi za kielezo cha ubora wa hewa, njano inaanzia 9.1, chungwa inaanzia 35.5 na nyekundu inaanzia 55.5. Mimi kwa mwanangu sisubiri chungwa. Njano ya juu inamtosha kukohoa.

Baada ya dhoruba hewa huanza safi, mara nyingi chini ya 5. Kutoka hapo, ndani ya mfuniko imara, ongeza kati ya 5 na 10 kwa kila siku. Ongeza kidogo kama kitako cha mfuniko kiko juu au hakuna theluji. Ongeza zaidi kama kiko chini, theluji ni mpya na ni siku za kazi zenye magari mengi. Kwa hesabu hiyo chungwa inafikiwa kama siku ya nne au ya tano.

Tuchukue juma la mfano. Jumapili theluji imefunika bonde, usiku anga inafunguka. Jumatatu deni la mchana ni nyuzi moja, PM2.5 ni 6, watoto wanacheza nje, na waache wacheze. Jumanne deni ni tano, uchafu 13. Jumatano Parleys inapata joto mpaka nyuzi 1, deni linafika karibu kumi, uchafu 22, milima ya Oquirrh inaanza kufifia machoni. Alhamisi 31. Ijumaa 40. Utabiri wa Alta unaonyesha Jumamosi jioni joto linaanguka kutoka nyuzi hasi 1 hadi hasi 13. Jumlisha 13: sakafu inahitaji kufika sifuri tu, na itafika. Jumamosi mchana ndio utakuwa mbaya kuliko zote, Jumapili asubuhi hewa ni safi. Haya yote ungeweza kuyaandika Jumatatu usiku, na ungeweza kuhamisha mechi ya watoto ya Jumamosi ikawa Jumapili.

Utagundua uchafu haupandi sawasawa ndani ya siku. Kwenye inversheni ndefu mara nyingi unaongezeka kuanzia asubuhi kuelekea mchana, kwa sababu chembe zilizopikwa usiku kwenye tabaka la juu kidogo zinateremshwa jua linapokoroga hewa, na mwanga wenyewe unaendelea kupika nyingine. Wale wanaosubiri saa saba mchana ili wakimbie mazoezi "moshi ukipungua" wanaweza kuwa wanatoka saa mbaya kuliko zote. Angalia mchoro wa jana wa kila saa kabla ya kuamua.

Kwa namba za sasa hivi, tumia kituo rasmi cha Hawthorne kilicho ndani ya jiji kupitia tovuti ya Idara ya Ubora wa Hewa ya Utah au AirNow. Vipimo vidogo vya PurpleAir viko kila mtaa na vinasaidia kuona tofauti ya Glendale na vitako vya mashariki, lakini namba zake ghafi huwa juu kuliko ukweli. Kwenye ramani yao kuna sehemu ya kuchagua marekebisho ya EPA, shirika la mazingira la serikali ya Marekani. Ichague kwanza, ndipo usome.

Idara hiyo ya jimbo hutoa utabiri wake wa siku tatu, na wanaoutoa ni wataalamu. Wangu nauweka kando ya wao. Tukitofautiana, nafuata ulio mbaya zaidi, maana gharama ya mtoto kukaa ndani bure siku moja ni ndogo.

Hatua ya 6: Utabiri uwe na kazi

Siku mbili kabla ya chungwa, nunua dawa za pumu kama zimebaki chache na hakikisha inhela ya shuleni haijaisha muda wake. Wapigie watu wa kanisani au msikitini wenye wazee. Badilisha kichujio cha tanuru linalopasha nyumba joto, uweke cha daraja la MERV 13 (MERV ni kipimo cha uwezo wa kichujio kunasa chembe) kama tanuru lako linakikubali. Asiye na tanuru lake, kama sisi tunaoishi kwenye vyumba vya kupanga, anaweza kufunga kichujio hichohicho cha mraba nyuma ya feni ya boksi kwa utepe mpana. Kinasafisha chumba kimoja vizuri, na hicho ndicho chumba cha kulala mgonjwa. Shuleni, mwandikie mwalimu kabla, si siku yenyewe, umwombe mtoto abaki ndani wakati wa mapumziko.

Barakoa ya kitambaa haizuii PM2.5. Barakoa ya N95, ile ya kuchuja chembe laini, ikikaa vizuri usoni inazuia.

Usichome kuni siku hizo. Jimbo hulikataza hilo siku zinazotangazwa, na hutangaza kabla ya 35 kufikiwa. Usiache gari linawaka mbele ya mlango ili lipate joto. Na nawasihi akina mama na akina baba, baridi iwe kali namna gani, jiko la mkaa lisiingizwe ndani. Gesi yake haina harufu na haionekani, na inaua familia nzima usingizini.

Kuna wanaosema moshi ni jambo la kuzoea. Katika Bonde la Utah, jirani yetu wa kusini, kiwanda cha chuma cha Geneva kilifungwa kwa mgomo wa wafanyakazi kuanzia Agosti 1986 hadi Septemba 1987. Profesa C. Arden Pope wa Chuo Kikuu cha Brigham Young alihesabu watoto waliolazwa hospitalini kwa magonjwa ya kifua. Majira ya baridi ambayo kiwanda kilikuwa wazi, waliolazwa walikuwa mara mbili hadi tatu ya wale wa majira kilipokuwa kimefungwa. Bonde lilelile, baridi ileile, watoto walewale. Kabla yake kulikuwa na Donora, Pennsylvania, Oktoba 1948, mji ulio kwenye bonde la mto Monongahela, ambako watu 20 walikufa ndani ya siku chache chini ya mfuniko uliofungia moshi wa kiwanda cha zinki. Hapa kwetu, Januari 2004 PM2.5 ilipita 130 huko Logan, kwenye Bonde la Cache, mji mdogo wenye ng'ombe wengi na theluji nyingi.

Hatua ya 7: Daftari

Kila siku mstari mmoja: tarehe, theluji ipo au haipo, joto la uwanja wa ndege mchana, joto la Parleys na Alta, deni, PM2.5 ya saa kumi na mbili jioni, na ulichotabiri jana. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayofundisha. Nilipoitazama yangu baada ya majira ya pili, niliona nilikuwa nakosea upande mmoja tu: natangaza mwisho wa inversheni siku moja kabla ya wakati, karibu kila mara. Sasa najiongezea siku.

Mtaa wako nao una tabia yake ambayo hakuna utabiri wa jimbo utakaokuambia. Kwangu, mlima Olympus wa safu ya Wasatch ukipotea machoni kutoka dirisha la jikoni, kipimo kiko juu ya 30, na sijakosea mara nyingi. Chagua mlima wako, upime umbali wake kwenye ramani, uandike namba ya uchafu kila siku unapofifia. Kufika Februari utakuwa na kipimo kisichohitaji umeme, na mtoto wa miaka saba anaweza kukisoma. Wangu hukisoma kabla ya kuvaa viatu, kisha ananiuliza Alta ni nyuzi ngapi.